Kifaa cha GPS cha Mkononi: Tununue Kipi, na Je, Tunakihitaji?

Mada iliyotolewa mjini Moshi mbele ya waongoza watalii, wapagazi, wakulima wa vihamba na wananchi wengine



 Tunatambua kwamba wengine miongoni mwenu mmeteremka Mweka jana tu na miguu bado inadai mapumziko.

Msimu uliopita kijana mmoja, msaidizi wa mwongoza watalii, alifika mezani petu akiwa na kifaa cha rangi ya machungwa kinachoenea kiganjani. Alikuwa amekinunua kwa mtu wa kati, ambaye naye alikipata kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Ubavuni mwake kulikuwa na kitufe chenye kifuniko, na juu yake herufi tatu: SOS. Kijana yule alikuwa amekibeba kwa misimu miwili, kwa njia ya Machame na kwa njia ya Lemosho, akiwaahidi wageni wake kwamba likitokea la kutokea atabonyeza kitufe na msaada utakuja. Wala hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza mahali pa kupata waya wa kuchajia. Tulipokikagua tulikuta kwamba bado kimesajiliwa kwa jina la mgeni yule wa kwanza, na ada ya huduma ya setilaiti ilikwisha kukoma. Laiti kitufe kile kingebonyezwa pale Barafu usiku wa manane, kisingemwita mtu yeyote.

Yule aliyemuuzia yamkini hakukusudia kumdanganya. Huenda naye hakujua. Lakini mlimani kutojua kwa muuzaji hakumpunguzii mgonjwa kichefuchefu wala hakumwondolei maji mapafuni. Ndiyo maana tumeona tuanze na jambo hili kabla ya kusema lolote juu ya bei au ukubwa wa kioo: GPS na mawasiliano ya setilaiti ni vitu viwili, hata vikikaa ndani ya kasha moja.

Kifaa cha GPS hupokea tu. Huko juu, kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, zinazunguka setilaiti za Marekani, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa kilichomo mkononi mwako husikiliza matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, hupima tofauti ya muda, kisha hukokotoa mahali uliposimama. Hakitumi chochote. Hakihitaji laini ya simu, hakihitaji intaneti, wala hakuna ada ya mwezi. Mtu akikuuzia kifaa cha kupokea tu huku akikudai "ada ya setilaiti", muulize ada hiyo ni ya nini. Kinyume chake, kifaa chenye uwezo wa kutuma ujumbe au kuomba uokoaji hutumia mtandao mwingine kabisa wa setilaiti, chenye mkataba na malipo yanayopaswa kuendelezwa. Ujumbe wake wa dharura kwa kawaida hupokelewa kwanza na kituo kilicho nje ya nchi, nacho ndicho huwatafuta waokoaji wa hapa. Ukinunua kifaa cha namna hii kilichokwisha kutumika, mwenye nacho wa kwanza lazima akiondoe kwenye akaunti yake ili wewe ukisajili upya. Akishapanda ndege pale KIA bila kufanya hivyo, umenunua kipande cha plastiki chenye rangi nzuri. Na kwa kuwa kifaa hicho kinatuma mawimbi, ni miongoni mwa vifaa vinavyopaswa kuwa vimeidhinishwa kabla ya kuingizwa sokoni. Una haki ya kumuuliza muuzaji juu ya idhini hiyo.

Sasa tuulizane kwa uwazi: je, unakihitaji?

Wengi hamkihitaji. Tunasema hivi tukijua kwamba wenye maduka waliomo ukumbini hawatafurahi. Njia kuu za mlima huu, kuanzia Marangu hadi Rongai, zinajulikana na zimekanyagwa na maelfu ya watu. Mgeni haruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Na simu janja nyingi mlizonazo mifukoni tayari zina kipokezi cha GPS ndani yake. Ukipakua ramani ukiwa bado mjini, simu itakuonyesha ulipo hata mahali pasipo na mtandao. Watu huchanganya mambo haya mawili. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, lilizindua intaneti ya kasi mlimani, ikafika hadi Horombo kwenye mwinuko wa mita 3,720. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini intaneti huleta ramani na ujumbe. Mahali ulipo hutambuliwa kwa setilaiti, na setilaiti hazijali mnara uko wapi.

Basi ni nani anayekihitaji? Mwongozaji anayepita sehemu ambazo ukungu hufuta njia, hasa uwanda wa Shira na ule uwazi mpana ulio kati ya Mawenzi na Kibo, ambako ardhi haina mti wala kilima cha kuegemeza macho. Mtu wa kikosi cha uokoaji. Anayefuatilia mizinga yake ya nyuki msituni. Kwao simu ina udhaifu mmoja ambao hauna tiba rahisi, nao ni baridi. Betri ya simu iliyoonyesha asilimia 40 pale Kibo Hut saa sita za usiku yaweza kuzimika ghafla kabla ya kufika Gilman's Point, na haiwezekani kuitoa na kuweka nyingine. Kifaa cha mkononi kinachotumia betri mbili ndogo za kawaida kinakupa nafasi ya kubeba akiba ndani ya koti, karibu na mwili, na kubadilisha kwa nusu dakika.

Hapo neno "za kawaida" lina mtego wake. Betri za bei rahisi zinazouzwa vibandani, zile za redio na tochi, hupoteza nguvu upesi mno katika baridi. Za alkalini ni afadhali kidogo. Zinazostahimili kweli ni za lithi zisizochajiwa. Bei yake ni kubwa, lakini ni nyepesi na hufanya kazi hata joto likishuka chini sana ya sifuri. Betri za kuchaji ni nzuri kwa matumizi ya mjini na msituni. Vifaa vingi vina mahali pa kueleza ni betri ya aina gani imetiwa; usipoeleza, alama ya chaji itakudanganya, na utadhani kifaa ni kibovu.

Inafaa tuseme kwamba vifaa vingi vya namna hii havikutengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Marangu. Kanada na Alaska kuna watu wanaosafiri kwa pikipiki za theluji, zisizo na magurudumu, zinazoteleza juu ya mkanda na mbao mbili za mbele, maili nyingi mbali na barabara yoyote. Pikipiki hizo hatuna, na barafu yetu ya Kibo inazidi kupungua miaka nenda rudi. Lakini wenzetu hao wamejifunza jambo linalotufaa: mtu aliyevaa glavu nene hawezi kutumia kioo cha kugusa. Wao huchagua vifaa vyenye vitufe vya kubonyeza. Nasi tunawashauri hivyo hivyo. Chukua glavu zako za kupandia kilele, ingia nazo dukani, ujaribu kuwasha kifaa na kuweka alama ya mahali ukiwa umezivaa. Watu watakutazama. Waache wakutazame.

Kioo chenyewe kiangaliwe kwenye jua, si chini ya taa ya duka. Na kwa mvua za msituni, kuanzia getini hadi Mandara, tafuta alama ya IPX7. Maana yake ni kwamba kifaa kilijaribiwa kwa kuzamishwa majini kina cha mita moja kwa dakika 30. Neno "hakiingii maji" likiandikwa peke yake bila alama kama hiyo ni maneno ya biashara tu.

Tuje kwenye mwinuko, jambo ambalo wauzaji hulitia chumvi kuliko yote. Mlima wetu wenyewe ni somo tosha. Ubao wa kileleni unasema mita 5,895, kipimo cha mwaka 1952. Mwaka 1999 wataalamu walipima wakapata 5,892, mwaka 2008 wakapata 5,891, na mwaka 2014 ikasomeka 5,899. Hawa walikuwa na mitambo mizito na walikaa juu ya jambo hilo kwa makini. Mtu akikuambia kifaa chake cha laki kadhaa hupima mwinuko "bila kosa hata la mita moja", jua kwamba anakuuzia maneno. GPS ni dhaifu zaidi katika kwenda juu kuliko katika kwenda kando, kwa sababu setilaiti zote ziko upande mmoja, yaani juu yako. Za chini zimezibwa na dunia. Vifaa vya bei ya juu huongezewa kipima-hewa ambacho hukisia mwinuko kwa uzito wa hewa. Kinasaidia, ila hewa hubadilika na hali ya anga, na usipokirekebisha kila unapofika mahali penye mwinuko unaojulikana, kitapotoka. Tulipojaribu vifaa vitatu pamoja kwenye njia ya Marangu, kila kimoja kilitupa jibu lake, na havikupatana hata tuliposimama tumevishika bega kwa bega.

Kuna kosa jingine, kubwa kuliko hilo, ambalo halitokani na ubovu wa kifaa. Ramani za zamani za nchi yetu za skeli ya 1:50,000 zilichorwa juu ya msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Kifaa cha GPS, kikitoka kiwandani, hutumia msingi mwingine unaoitwa WGS 84. Ukichukua namba za kifaa ukaziweka juu ya ramani ile bila kubadilisha mpangilio, utajikuta umejiweka karibu mita 300 kutoka ulipo kweli. Kwenye tambarare ya Moshi mita 300 ni mwendo wa dakika chache. Kwenye ukuta wa Barranco ni habari nyingine. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba kifaa kinakuruhusu kuchagua Arc 1960 katika orodha ya mipangilio. Vifaa vya watengenezaji wanaojulikana huwa nayo. Saa za mkononi na vifaa vya bei ya kutupa mara nyingi havina.

Kosa la jamii hiyo hutokea pia katika kusoma namba kwa simu. Kilele cha Uhuru kiko latitudo ya nyuzi 3, dakika 4, sekunde 33 kusini. Kifaa kilichopangwa kuonyesha dakika za desimali kitaandika 3° 04.55'. Ni mahali pale pale, kwa sababu sekunde 33 ni dakika 0.55. Sasa mtu aliye juu anasoma redioni, "tatu, sifuri nne, hamsini na tano," na aliye chini anaandika nyuzi 3, dakika 4, sekunde 55. Tofauti ni sekunde 22, sawa na mita 680 hivi kuelekea kusini. Machela ya gurudumu moja itatafuta mgonjwa kwenye mteremko wa kusini ilhali amelala ukingoni juu. Kila kundi lina wajibu wa kukubaliana mpangilio mmoja kabla ya kuondoka getini, na anayesoma ataje neno "nukta" mahali penye nukta.

Tunajua kwamba baadhi yenu hamkuja kwa ajili ya mlima. Mmekuja kwa ajili ya kihamba. Tumeulizwa mara nyingi, hasa na ndugu wanaogawana urithi Kibosho, Old Moshi na Rombo, kama kifaa cha mkononi kinaweza kumaliza mgogoro wa mpaka. Jibu letu ni hapana. Chini ya anga wazi kifaa kizuri hukosea kwa mita tatu hadi tano. Chini ya migomba, mikahawa na miruka iliyofungamana hukosea zaidi, kwa kuwa majani huzuia na kutawanya mawimbi. Chukua kihamba cha nusu ekari, yaani mita za mraba 2,023, chenye umbo la mraba. Kila upande ni mita 45. Kosa la mita tano upande mmoja tu laongeza au kupunguza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya shamba zima. Kwa kosa kama hilo ndugu hununiana hadi kaburini. Mstari wa masale uliopandwa na wazee, pamoja na ushahidi wa majirani, una uzito kuliko namba za kifaa hicho. Na pale masale yaliponyamaza, atafutwe mpima ardhi aliyesajiliwa, mwenye mitambo inayopima kwa sentimita. Kifaa cha mkononi kinafaa kukadiria mbegu na mbolea, basi.

Sasa ununuzi wenyewe.

Wengi mnakumbuka mwezi Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, na tangu wakati ule mmezoea kubonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli, ili kuona namba ya utambulisho wa simu. Kifaa cha GPS hakina namba hiyo. Hakuna namna ya kukihakiki kwa ujumbe mfupi. Kina namba ya toleo la kiwandani, kwa kawaida nyuma au ndani ya chumba cha betri, nayo ilingane na iliyo kwenye kasha na iliyo ndani ya mipangilio ya kifaa. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, kirudishe kwenye kabati la muuzaji. Kwa kilichokwisha kutumika, tazama pia tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya, na mara ya mwisho kuanza upya ilikuwa Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho programu yake haikuhuishwa kinaweza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 iliyopita. Mara nyingi mahali hukionyesha sawasawa, lakini ni dalili kwamba kimetelekezwa.

Usikubali jaribio la dukani. Chini ya bati na zege kifaa hakisikii kitu. Mwombe muuzaji mtoke nje, hadi mahali penye uwazi, mkiwashe na msubiri. Kikiwa kimetoka mbali, au kimelala muda mrefu, chaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kutambua kilipo. Hilo si kosa. Kikishatambua, weka alama ya mahali pale, kwa mfano karibu na Mnara wa Saa. Tembea hadi stendi ya mabasi, kisha urudi mpaka uliposimama mwanzo, na ukiulize umbali uliobaki hadi kwenye alama. Kikisema mita tatu, nne au tano, ni sawa. Kikisema 40, asante, kwaheri. Jaribu na dira yake pia: simama bila kutembea na uzunguke mwili wako. Vifaa vya bei ya chini havina dira ya kweli, vinajua upande pale tu unapotembea. Si uovu, lakini lazima ujue unachonunua, maana katika ukungu mtu aliyepotea husimama kwanza.

Kifaa kinachopokea GPS ya Marekani pamoja na mifumo mingine, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China, kina faida ya kweli msituni na katika mabonde, kwa sababu kinapata setilaiti nyingi zaidi za kuchagua. Hapo nyongeza ya bei ina maana. Nyongeza ya bei kwa ajili ya kamera, michezo na rangi za kioo haina maana, tena hula betri. Uliza pia kama ramani iliyomo ni ya Tanzania. Vifaa vingi huletwa vikiwa na ramani ya nchi ya aliyekinunua kwanza, na muuzaji huonyesha barabara za kupendeza za mji ambao hutaufika.

Dai risiti ya EFD, na iandikwe jina na namba ya toleo la kifaa, si neno "elektroniki" peke yake. Dhamana iandikwe kwa muda na kwa jina la duka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji juu ya ubora au matumizi ya bidhaa. Lakini mlaji asiye na karatasi ana kazi ngumu ya kuthibitisha alichoambiwa. Aliyenunua kwa mgeni au kwa mwenzake kambini ana kazi ngumu zaidi, kwa hiyo angalau aandikishane naye, na kile kifaa cha kutuma ujumbe kifutwe kwenye akaunti ya mwenyewe mbele ya macho yake, kabla ya fedha kubadilisha mkono. Tatizo likitokea, anza na muuzaji kwa maandishi. Akikataa au akinyamaza, lete nakala ya barua hiyo, risiti na kifaa chenyewe ofisini kwetu. Lisilo letu tutalipeleka Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango, na tutakuambia tumelipeleka wapi.

Yule kijana wa kifaa cha machungwa tulimsaidia kumwandikia yule mgeni wa kwanza. Alijibu baada ya wiki mbili, akakifuta kwenye akaunti yake, na kampuni anayofanyia kazi kijana huyo imekubali kulipia ada ya huduma kwa miezi ya msimu.

Mezani hapa tuna vifaa vitatu na pakiti nne za betri za aina tofauti. Anga ya nje imefunguka. Tunaomba waongozaji wenye glavu wawe wa kwanza, tutoke pamoja uwanjani tuvijaribu, kisha tutarudi ndani kwa maswali.